Nyumba Isiyo na Kona

Matangazo ya Jumapili ile yalikuwa marefu kuliko mahubiri. Waumini wa Lindamba walikuwa wameshaanza kufunga vitenge na kuwatafuta watoto wao kwa macho, ndipo Mzee Florian, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, alipogeuza karatasi yake upande wa pili na kusoma kwamba Jumamosi ijayo kila kigango kilete watu wenye nyundo, sululu na mabeleshi. Nyumba ya Mviringo itabomolewa, alisema, ili magari ya wageni wa jubilei ya parokia yapate mahali pa kugeuzia.

Ottilia akasimama. Hakunyoosha mkono, wala hakukohoa kwanza kama wafanyavyo watu wenye aibu. Alisimama pale pale kwenye benchi la pili, upande wa wanawake, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka mlango mkubwa, "Kwa ruhusa ya nani?"

"Mama Ottilia, haya ni matangazo, si mkutano," Florian akajibu.

"Basi tangaza na jina la aliyeruhusu!"

Kanisa zima likacheka, hata wanakwaya waliotakiwa kuwa wameinamisha vichwa. Padre Aidan, paroko kijana ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka pale, akainua mikono haraka haraka akatoa baraka kabla mambo hayajaharibika.

Sasa, huyu Ottilia msimfikirie vibaya. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia, mjane, mwenye shamba la kahawa lililopakana na ua wa misheni. Ngoro zake za maharage, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isibebe udongo, uliweza kuziona mlimani ukiwa umepiga magoti kanisani, zimepangwa shimo kwa shimo bila hata moja kwenda upande. Alikuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi. Akipotea njia, alisema njia ndiyo iliyohamishwa. Alisimamia kila kazi ya Lindamba, harusi na misiba, na kazi asiyoisimamia yeye aliihesabu kuwa haijafanyika. Lakini misheni ile aliipenda kama mtu apendavyo kwao, na kuhusu Nyumba ya Mviringo hakuwa na utani hata kidogo.

Hata chai hakunywa siku hiyo. Kutoka kanisani alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mapadre.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," Padre Aidan akaitikia, akiinuka kitini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Chukua kofia yako, jua ni kali. Tunatembea."

Padre alikuwa ameshajifunza kwamba kwa mama huyu ni rahisi zaidi kutembea kuliko kukataa. Akachukua kofia. Ottilia akamzungusha misheni nzima kana kwamba ameingia jana. Akampitisha kwenye kanisa lenyewe, kuta zake nene za matofali ya kuchoma, akamwonyesha bondeni ulikochimbwa udongo, na mteremko ambao bibi zao walijipanga kutoka tanuri mpaka kileleni, tofali likipita mkono kwa mkono, huku wakiimba nyimbo ambazo mapadre wa Kijerumani walidhani ni za Bikira Maria kumbe ni za kuwasengenya wao. Akamwonyesha nyumba ya masista yenye baraza refu, na karakana ya useremala iliyotoa milango yote ya misheni. Padre aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Mwishowe wakafika nyuma ya mnara wa kengele.

"Na huyu," Ottilia akasema, "ndiye mama yao wote."

Kusema kweli, mama mwenyewe alikuwa amechoka. Ilikuwa nyumba ya duara, ya matofali, mlango mmoja na madirisha madogo kuizunguka. Paa la bati lilikuwa limeoza na kubonyea upande mmoja, na ufa ulishuka kutoka dirishani mpaka chini. Ndani mlikuwa na mabenchi yaliyovunjika, magunia matupu ya kahawa, na vifaa vya pango la Noeli akiwemo ng'ombe wa plasta asiye na pembe.

"Kabla ya wamisionari," Ottilia akaanza, "hapa palikuwa sengu ya Kapinga, babu mzaa babu yangu. Sengu unaijua, baba?"

"Nimesikia kidogo, mama. Wanaukoo kula pamoja."

"Kidogo haitoshi. Ukoo mzima unakula kwa babu, wanaume mkeka wao, wanawake wao, watoto wao, na kabla ya kula mambo yanasemwa. Kwetu sisi sheria zake ni mbili. Mwenye neno na mwenzake hagusi chakula mpaka alitoe. Na aliyekwisha kula hainuki mpaka shauri lililoletwa mkekani limalizike. Wazungu walipopanda hapa wakaomba mahali pa kukaa, Kapinga akawaambia, mnataka kukaa, kuleni kwanza. Wakala, na shauri likamalizika, wakapewa kilima. Walipochoma matofali yao ya kwanza, padre wao akataka kumshukuru mzee kwa kumjengea sengu ya matofali. Akachora chini nyumba yenye kona nne. Wazee wakakataa katakata! Kapinga akamwambia, kwenye kona ndiko watu wanakokaa kunong'ona, mahali pa kula tuonane wote. Fundi wa Kizungu akabaki anahangaika kuzungusha matofali yaliyonyooka, anatukana kwa Kijerumani, wazee wamekaa wanamtazama. Kanisa lilikuwa halijachimbwa hata msingi. Kwa hiyo, baba, matofali ya kwanza ya Lindamba hayakujenga altare. Yalijenga mahali pa kula na kupatana. Na ninyi mnataka pageuziwe magari."

Padre Aidan hakuwa mtu wa dharau, na habari ile ilikuwa imemgusa. "Mama, mimi sina ugomvi na historia. Lakini ufa ule unauona. Watoto wa katekesi wanacheza humu kila siku. Na magari ya wageni kweli hayana pa kugeuzia, yakirudi kinyumenyume kwenye mteremko ule tutaua mtu. Halmashauri iliketi, ikaamua. Ikibadili uamuzi, mimi nitakuwa wa kwanza kufurahi."

"Itabadili."

"Lini, mama? Kazi ni Jumamosi."

"Jumamosi hiyo hiyo," Ottilia akasema, akajifunga kitenge upya kiunoni kama mtu anayekwenda kupura maharage.

Mpango wake alimweleza Winifrida peke yake, rafiki yake na katibu wa akina mama, siku waliyoingia kuifagia ile nyumba. Vijana wawili wa kigango cha Namswea walikuwa wameegemeza nguzo chini ya paa lililobonyea, wakaondoka, na wanawake wakabaki na vumbi.

"Watu wa kazi watakula, hawatakula?" Ottilia akauliza.

"Watakula. Nani afanye kazi ya pamoja na njaa?"

"Anapika nani?"

"Sisi."

"Basi watakula humu ndani, kwenye mikeka, kabla ya kazi. Hakuna Mmatengo aliyelelewa akalelewa atakayekula kwenye sengu halafu ainuke aipige nyundo. Wakishameza tonge, shauri langu liko mkekani, na hawainuki mpaka liishe. Florian amekulia kwa babu yake kama mimi. Nitamfunga kwa ugali, mzee yule!"

Alicheka mwenyewe kwa furaha. Winifrida hakucheka.

"Na Eliza je?"

Ottilia akaacha kufagia.

Eliza alikuwa wifi yake, mjane wa ndugu yake Ladislaus. Alikuwa mwanamke wa Liuli, kule ziwani, mtoto wa Waanglikana. Ladislaus alimfuata huko huko ziwani, akaacha kahawa, akalima mpunga na mihogo na kuvuta nyavu pamoja na shemeji zake. Hilo Ottilia alilivumilia, ingawa kwa maneno mengi. Alichoshindwa kuvumilia ni msiba. Masika ya mwaka juzi kifua kilimbana Ladislaus, wakati barabara ya kupandia mlima imekatwa na maji. Habari ilipomfikia Ottilia, ndugu yake alikuwa ameshazikwa kule kule Liuli, kwenye makaburi ya Waanglikana, kwenye mchanga. Walikuwa wawili tu tumbo moja. Tangu siku ile Ottilia hakumsalimu Eliza, hakula naye, na kaburi hakulikanyaga.

Na sasa Eliza alikuwa anapanda Ijumaa na pikapu ya samaki, kwa kuwa akina mama wa ziwani ndio waliojitolea kitoweo cha watu wa kazi.

"Aje," Ottilia akasema. "Jiko ni kubwa. Mimi napakua, sikai mkekani. Sheria ya ugomvi ni ya wanaokaa."

"Una hakika?"

Loo, swali gani hilo la kumwuliza Ottilia! Alimtazama Winifrida kama aliyeulizwa kama ana hakika jua litatoka, akaendelea kufagia.

Ijumaa Eliza akafika, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, amejifunga kanga mbili na kutota jasho la safari. Akashusha vikapu vya usipa wakavu, na mbasa wakubwa waliofungwa kwenye majani ya mgomba. Akawasalimu wapishi mmoja mmoja. Alipofika kwa Ottilia akapiga goti kidogo, "Wifi, za huku?"

"Hawa samaki waoshwe," Ottilia akaiambia sufuria.

Akina mama wakaangalia pembeni. Eliza akachukua beseni, akaenda bombani kuosha samaki, na siku ikapita hivyo, wawili hao jiko moja, moto mmoja, bila neno. Ukiniuliza mimi, nitakwambia ilikuwa aibu tupu, na kila aliyekuwepo alijua hivyo isipokuwa mtu mmoja.

Jumamosi asubuhi watu wakamiminika. Walikuja wa Lindamba penyewe, wa vigango vya mbali, hata wengine kutoka kijiji cha Ruanda, na zana mabegani. Mzee Florian alikuwa mbele yao amevaa mabuti ya mpira, mzee mrefu mwenye mvi zilizochanwa vizuri, mtulivu, asiyependa kelele, na ndiyo maana yeye na Ottilia walikuwa wamegombana miaka mingi bila kuchokana. Akamkuta Ottilia amesimama mlangoni pa Nyumba ya Mviringo, mwiko mkononi.

"Zana nje," Ottilia akasema. "Chakula kwanza."

"Mama, tumekuja kazini, tutakula baadaye."

"Ugali utapoa, na samaki wa watu wa ziwani wametoka mbali. Mnataka kuwadharau?"

Nyundo, sululu na mabeleshi vikaegemezwa ukutani kwa nje, watu wakaingia. Ndani kulikuwa kumefagiwa kukapigwa maji, mikeka imetandikwa kufuata ukuta, wanaume huku na wanawake kule. Walipokwisha kukaa, kila mtu akajikuta anatazamana na kila mtu. Hapakuwa na mbele wala nyuma. Padre Aidan akakaa kati ya fundi mmoja na mzee mmoja asiye na meno, miguu yake mirefu ikimsumbua. Wazee wakaanza kuangaliana na kutabasamu chini chini, kwa sababu walikuwa wameshaelewa.

Ottilia akasimama katikati. Akasema kwa Kiswahili, si kwa Kimatengo, ili Padre na wageni wa ziwani wasikie. Akawapa habari yote, tangu Kapinga na wamisionari mpaka yule fundi wa Kizungu na matukano yake, akaitia chumvi mahali palipohitaji, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akazitaja sheria mbili za sengu, akiinua mwiko juu kwa kila moja.

"Basi, wazazi na ndugu zangu, mkila hapa mnajua mnachokula. Shauri langu ni nyumba hii isibomolewe. Karibuni chakula."

Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Tumeshanaswa!" Ottilia akainama kupakua, uso unang'aa, ushindi aliuona kabisa.

"Mama Ottilia," Florian akasema, taratibu kama kawaida yake. "Ngoja kwanza."

"Nini tena?"

"Umetukamata vizuri, sikatai. Nami nimelelewa kwenye sengu, siwezi kula hapa nikainuka nikavunja. Lakini sheria umezitaja mbili, na ya kwanza ni ipi?"

"Mwenye neno na mwenzake hagusi chakula mpaka alitoe," Ottilia akasema, na alipokuwa bado anaimaliza sentensi akaona inakompeleka.

"Wewe una neno na wifi yako. Wote humu tunajua."

"Mimi sili. Mimi napakua!"

"Anayepakua ndiye mwenye chakula. Babu yako mwenyewe, umetusimulia mara ngapi, alikuwa hashiki upawa kabla hajaukung'uta moyo wake mbele ya watu. Mkono wenye kinyongo ukipakua, huu si ugali wa sengu, mama. Ni ugali tu. Tutaula, tutashukuru, halafu tutatoka nje tuchukue nyundo."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Wazee upande wa wanaume wakaitikia kwa koo. Winifrida akainamisha kichwa. Ottilia alitazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta mahali pa kuelekeza macho yake, na nyumba ile haikuwa na hata kona moja ya kumsitiri. Kote alikogeuka kulikuwa na uso wa mtu unaomtazama, na mmoja wao ulikuwa wa Eliza, aliyekaa karibu na mlango na mikono yake mapajani, ingali inanuka samaki.

Alikasirika. Alimkasirikia Florian, akamkasirikia Kapinga aliyeko kaburini, akaikasirikia midomo yake mwenyewe iliyosimulia sheria zile kila jubilei, kila harusi. Angeweza kutoka nje na kichwa chake juu, na watu wangempisha. Lakini nyuma yake kungekuwa na nyundo. Akaiona nyumba ikigeuka kifusi kwa sababu ya kinyongo chake yeye, na hilo hakuweza kulimeza. Akauweka mwiko juu ya sinia, akaenda akaketi kwenye mkeka wa wanawake, uso kwa uso na Eliza.

"Nina neno na wifi yangu," akasema. Sauti yake haikuwa ile ya kanisani. "Ulimzika ndugu yangu bila mimi kumwona. Ulimweka mchangani, kwa watu asiowajua, yeye mtoto wa mlimani. Hukumngoja hata dada yake. Tulikuwa wawili tu, Eliza. Nilikuchukia. Nimekuchukia mpaka leo. Nimepokea komunyo nikiwa nakuchukia, Padre yule pale anisikie. Neno langu ni hilo."

Padre Aidan aliinamisha uso akatazama mkeka.

Eliza akafuta mikono yake kwenye kanga, polepole, akajibu. "Wifi, nilitaka kumleta. Ndugu zangu walikuwa wameshatafuta machela, wakasema watapita kwa miguu pale barabara ilipokatika. Yeye ndiye aliyekataa. Siku ile ya mwisho alinishika mkono akasema, Eliza, mvua hii msinipandishe. Mkinipeleka kwa machela, dada atawapokea pale kilimani, atawagombeza wabebaji kwa nini wamechelewa, mpaka waniangushe bondeni. Nizikeni hapa hapa, atakuja kunigombeza mwenyewe. Akacheka, wifi. Kifua kikamkaba, akacheka tena. Ndivyo alivyokwenda."

Mtu mmoja upande wa wanaume akaachia kicheko kikamponyoka, akakiziba kwa kiganja. Kumbe ni Florian. Ladislaus alikuwa rafiki yake tangu utotoni, na mzaha ule ulikuwa wake kabisa, ungeujua hata gizani.

Mabega ya Ottilia yakaanza kutikisika. Watu wakadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, vyote kwa pamoja, mpaka Winifrida akamshika asianguke ubavu.

"Alisema hivyo? Mpuuzi yule, alisema hivyo?"

"Maneno yake hayo hayo."

"Na mbona hukuniambia?"

"Uliniacha niseme?" Eliza akauliza, na safari hii upole ulikuwa umepungua. "Nilipiga simu, ukakata. Nilikuja arobaini, ukafunga mlango. Jana nimekusalimu, ukaongea na sufuria."

Hapo nyumba nzima ikavunjika mbavu. Eliza mwenyewe akaanza kutabasamu, machozi yanamtoka. Ottilia akavuta sinia karibu, akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa mbasa, akalinyoosha kwa mkono wake. Eliza akalipokea kwa mdomo, kama mtoto. Kisha Eliza akakata lake akampa wifi yake, naye akala.

"Nimekukosea," Ottilia akasema, tonge bado mdomoni. "Unisamehe."

"Nimeshakusamehe zamani, wifi. Nilichoka tu kukungoja."

Baada ya hapo kila mtu akala, na walikula kwelikweli, kwa kuwa njaa ilikuwa imewashika. Walipofika kwenye kunawa, Florian akasema, "Haya. Shauri la pili. Mimi ndiye niliyetaka nyumba ivunjwe, na sababu zangu hazijala ugali. Ufa upo. Tofali likimwangukia mtoto, historia itamfufua? Na magari je?"

"Ufa unashonwa," Ottilia akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi nyumbani kwake. "Mafundi mmejaa humu mnalamba vidole. Paa liezuliwe leo, bati jipya tutachangishana sisi akina mama, mlango ufungwe na watoto wasiingie mpaka kazi iishe. Magari yageuzie kwangu."

"Kwako wapi?"

"Ile kahawa yangu ya chini, inayopakana na ua. Ing'oeni, sawazisheni, yageuzie hapo. Ninaitoa kwa parokia."

Minong'ono ikazunguka ukuta. Kahawa ile ilipandwa na marehemu mumewe, na kila mtu alijua jinsi alivyoitunza, hata kuku wa jirani hawakuthubutu kupita. Florian akainua mkono kuwatuliza.

"Una hakika, mama?"

"Florian, nimekuwa na hakika maisha yangu yote. Leo ndipo ninayo sababu."

Florian akageukia mikeka, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Akamtazama Padre. Padre Aidan akainuka kwa shida, miguu imekufa ganzi, akasema, "Nilisema nitakuwa wa kwanza kufurahi, nami nimefurahi. Nyumba ibaki." Akapigiwa vigelegele ambavyo hata siku ya kusimikwa kwake hakuvipata.

Watu wakatoka, wakachukua zana zao. Wa nyundo wakapanda kuezua bati bovu, wa sululu na mabeleshi wakashuka kwenye kahawa. Florian akagawa vikundi, akatafuta kwa macho yule ambaye kwa kawaida angekuwa ameshamsahihisha mara tatu. Akamwona kwenye pikapu ya samaki, amekwisha kukaa, viatu vyake vya kanisani miguuni, na Eliza anapanda ubavuni mwake. Dereva alikuwa anawasha gari kurudi ziwani.

"Mama Ottilia!" akaita. "Unakwenda wapi, na kazi nani aisimamie?"

"Isimamie mwenyewe," Ottilia akamjibu kupitia dirishani. "Mimi nashuka Liuli kumgombeza ndugu yangu."